Kuhamia kijiji kingine: mambo ya kujua kabla ya kufunga mizigo

Watu wengi wa vijijini wanaohama Tanzania hawaendi mjini. Wanaenda kijiji kingine. Mmoja anafuata shamba kubwa zaidi kwa sababu la baba yake limegawanywa kwa ndugu sita. Mwingine anafuata malisho na maji. Wapo pia wanaotafuta mahali ambapo maisha yanafanana na yale wanayoyataka: kijiji kinachosomesha watoto wa kike, majirani wasioishi kwa pombe, au wenzao wa kazi moja, iwe uvuvi, ufugaji au kilimo cha mpunga.

Makala hii inaeleza sheria inasemaje kuhusu kuhamia kijiji kingine Tanzania Bara, namna ya kukichunguza kijiji kabla hujahamia, na hatua za kufuata ili usije ukapoteza ardhi, fedha au amani.

Je, nina haki ya kuhamia popote?

Ndiyo. Ibara ya 17 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inampa kila raia haki ya kwenda na kuishi sehemu yoyote ya nchi. Hakuna kabila linalomiliki wilaya, wala kijiji hakiwezi kumfukuza raia kwa sababu tu ametoka mkoa mwingine.

Lakini haki ya kuishi mahali si sawa na haki ya kupewa ardhi mahali hapo. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999. Wahamiaji wengi huingia matatani kwa kutoijua tofauti hii.

Historia ina la kutufundisha

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana walianzisha kijiji cha Litowa mkoani Ruvuma. Walikwenda kwa hiari yao, wakalima pamoja, wakaamua mambo katika mikutano yao na kuwa na shule yao. Vijiji vingine vikafuata mfano huo, vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Chama hicho kilivunjwa mwaka 1969, lakini Litowa inakumbukwa kama mfano wa watu waliochagua wenyewe nani wa kuishi naye na kwa utaratibu gani.

Miaka michache baadaye mambo yalikuwa tofauti. Mwishoni mwa mwaka 1973 kuishi katika vijiji kulitangazwa kuwa amri, na Operesheni Vijiji ikahamisha mamilioni ya watu hadi mwaka 1976. Baadhi waliacha migomba na mikorosho iliyokwisha kuzaa. Wengine waliwekwa mahali pasipo na maji ya kutosha, au mbali na mashamba yao. Migogoro ya mipaka inayosikika leo katika baadhi ya vijiji ilianzia hapo.

Vipindi hivyo viwili vinaonyesha kwamba kuhama kunafaa pale anayehama amepachagua mahali, amepafahamu, na wenyeji wamekubali kumpokea.

Kichunguze kijiji kwa misimu miwili

Usikiamini kijiji ulichokiona mara moja. Bonde lililo kijani mwezi wa Aprili linaweza kuwa vumbi tupu mwezi wa Oktoba. Nenda wakati wa mvua uone barabara na mafuriko, kisha rudi kiangazi uone foleni ya kisimani. Ukiwa huko, piga simu. Kama mtandao unapatikana juu ya kilima tu, jiulize utampata vipi bodaboda usiku mama akishikwa na uchungu.

Baada ya hapo angalia jinsi watu wanavyoishi. Haya ndiyo huamua kama utadumu:

*Kazi na mifugo.* Uliza kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi, na kama maeneo ya kulima, kulisha na kunywesha mifugo yametengwa. Mfugaji akihamia kijiji kisicho na eneo la malisho, ng'ombe wake wataishia kwenye mahindi ya jirani. Wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, ugomvi wa wakulima na wafugaji ulisababisha mauaji ya watu wengi katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni mwezi Desemba 2000.

*Sheria ndogo na michango.* Kila kijiji kina taratibu zake kuhusu saa za kufungua vilabu vya pombe, ukataji miti, faini za mifugo, na kazi za maendeleo. Muombe mtendaji wa kijiji akuonyeshe sheria ndogo zilizoandikwa. Uliza pia michango ya mwaka uliopita ilikuwa mingapi na risiti zilitolewa.

*Mila na imani.* Je, watoto hupelekwa jando na unyago, na kwa msimu gani? Asiyepeleka wake huonwaje? Msikiti au kanisa lako liko umbali gani? Usiulize mwenyekiti peke yake. Muulize aliyehamia hapo miaka mitano iliyopita. Huyo anajua mambo ambayo mwenyeji hayaoni tena.

*Misiba na shida.* Uliza vikundi vya kuzikana vinafanyaje kazi na mgeni anakubaliwa lini.

*Ugomvi.* Uliza: magomvi matatu ya mwisho hapa yalihusu nini na yaliishaje? Yakiwa yaliishia barazani, ni dalili nzuri. Kama yaliishia kwa mapanga au kwa watu kuitwa wachawi, usipuuze dalili hiyo.

Usitegemee kupata kijiji kisicho na kasoro. Chagua mambo mawili au matatu ambayo familia yako haiwezi kuyaacha, mengine mtayazoea. Fanyeni uamuzi huo pamoja, baba, mama na watoto wakubwa. Baba anaweza kuvutiwa na rutuba ya udongo wakati mama anahesabu saa za kuchota maji.

Ardhi: usinunue kwa maneno

Wilayani mgeni hukutana haraka na mtu anayemwambia, "Lipa tu, mimi ndiye mwenye eneo." Simama hapo kwanza.

Kwa mujibu wa sheria, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani mkutano wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Mwenyekiti peke yake hana mamlaka hayo, na mtendaji peke yake hana. Kama ni mwanakijiji anayekuuzia shamba lake, mauzo hayo nayo yanapaswa kupita kwenye halmashauri ya kijiji. Karatasi iliyosainiwa kilabuni mbele ya mashahidi wawili haitoshi.

Njia salama ni hii:

1. Peleka maombi ya maandishi kwa halmashauri ya kijiji. Sheria inaitaka iyatolee uamuzi ndani ya siku 90.
2. Hudhuria mkutano mkuu ambapo ombi lako linajadiliwa. Hakikisha limeandikwa kwenye muhtasari, na omba nakala.
3. Tembea kwenye mipaka pamoja na majirani wa pande zote nne na viongozi wa kitongoji. Piga picha za alama za mipaka kwa simu yako.
4. Omba hati ya hakimiliki ya kimila. Husainiwa na mwenyekiti, mtendaji na mwenye ardhi, kisha husajiliwa na ofisi ya ardhi ya wilaya.

Mwanamke anaweza kuomba ardhi kwa jina lake, na sheria inakataza ombi lake kushughulikiwa kwa upendeleo mdogo kuliko la mwanamume. Wanandoa wanaweza kuandikwa wote wawili kwenye hati. Ni vizuri kufanya hivyo ugenini, ambako mjane hana wazee wa ukoo wa kumtetea. Asiye raia hawezi kumilikishwa ardhi ya kijiji kwa hati ya kimila.

Kabla ya kulipa chochote, nenda ofisi ya ardhi ya wilaya ukaulize kama eneo hilo liko ndani ya hifadhi ya msitu, hifadhi ya wanyama au kijiji kingine. Mwaka 2006 wafugaji waliokuwa wamehamia bonde la Usangu, mkoani Mbeya, waliamriwa kuondoka ili kulinda vyanzo vya Mto Ruaha Mkuu, na wengi wakaelekezwa mkoa wa Lindi. Mwaka 2008 eneo la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Anayejenga ndani ya hifadhi, hata kama alilipa kwa uaminifu, hujenga nyumba ya kubomolewa.

Usikate tawi ulilokalia

Usiuze shamba la zamani mwaka uleule unaohama. Kodi shamba kwa msimu mmoja kijiji kipya, panga chumba, uone mavuno na majirani. Shamba la nyumbani mwachie ndugu kwa makubaliano ya maandishi.

Kumbuka pia Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971: nyumba ya familia haiuzwi na mwanandoa mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Mume akiuza nyumba kwa siri ili apate nauli na mtaji, mke anaweza kwenda mahakamani kuyapinga mauzo hayo.

Vitu vya kubeba

Mbali na vyombo na mbegu, beba karatasi hizi:

- Barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji unachotoka.
- Barua za uhamisho wa watoto shuleni. Hama wakati wa likizo kama unaweza.
- Kadi za kliniki za watoto na mama mjamzito.
- Kwa anayetumia dawa za kila siku, kama za VVU, kifua kikuu, kisukari au shinikizo la damu: barua ya uhamisho kutoka kituo chako na dawa za kutosha hadi ufike kituo kipya.
- Kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa ofisa mifugo, kama una mifugo.
- Vitambulisho. Kadi ya mpiga kura utaibadilisha wakati wa uboreshaji wa daftari ili upige kura unakoishi.

Mwaka wa kwanza

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukifika, jitambulishe kwa mwenyekiti wa kitongoji na uandikishwe kwenye rejesta ya wakazi. Nenda msibani hata kama humjui marehemu. Fika kazi za shule au barabara bila kusubiri kuitwa mara ya pili. Hudhuria mkutano mkuu, ambao unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na uzungumze ukiwa na la kusema. Huo ni mkutano wako pia.

Ukigombana na mtu kuhusu ardhi, anzia baraza la ardhi la kijiji. Lina wajumbe saba, watatu wao wanawake, na kazi yake ni kupatanisha. Baraza la kata nalo hupatanisha. Kama suluhu haikupatikana, shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hapo ndipo muhtasari wa mkutano, hati na zile picha za mipaka zitakapokusaidia.

Maswali saba ya kuhifadhi kwenye simu yako

1. Maji ya kiangazi yanatoka wapi, na ni saa ngapi kwenda na kurudi?
2. Je, kazi yangu ina eneo lake kwenye mpango wa kijiji?
3. Nani mwingine amehamia hapa, na anasemaje?
4. Mkutano mkuu wa mwisho ulifanyika lini?
5. Ofisi ya ardhi ya wilaya inasemaje kuhusu eneo hili?
6. Mwenzangu na watoto wamekubali?
7. Tukishindwa, tunarudi wapi?

Swali la saba likikosa jibu, ahirisha safari hadi ulipate.