Kunde: kutoka chakula ya maskini hadi shamba la kulungu wa Marekani

Leo tutoke kidogo, twende hadi Marekani, kisha turudi Uvira.

Mwaka wa mwisho nilitaka kuandika memwari yangu juu ya kunde. Mwalimu mmoja akaniangalia, akasema: "Kunde ni chakula ya maskini. Chagua kitu ya maana." Nikachagua mahindi. Nilipomwambia mama, akaniuliza tu: "Papa, kunde ilikukosea nini?" Sikuwa na jibu. Nimelipata mahali ambapo sikutegemea: katika historia ya watu wanaolimia wanyama wa pori.

Mnyama mwenyewe ni kulungu wa Marekani, yule anayeinua mkia mweupe akishtuka. Si kama swala wetu: dume huangusha pembe kila mwaka na kuotesha zingine. Zamani walikuwa mamilioni. Biashara ya ngozi na nyama ikawamaliza, hata karibu na mwaka 1900 walibaki laki chache tu nchi nzima, na majimbo mengine hawakuonekana tena. Mwaka ule ule wa 1900 ikapitishwa sheria ya Lacey, kukataza kusafirisha toka jimbo hadi jimbo nyama ya pori iliyopatikana kinyume cha sheria. Mwaka 1937 ikaja nyingine: kodi ya bunduki na risasi iende kutunza wanyama. Kulungu wakakamatwa kule walikobaki, wakahamishwa kule walikoisha. Leo wanahesabiwa karibu milioni 30.

Bon, walipoongezeka, wawindaji wakaanza kujiuliza: hawa wanyama wanakula nini? Hapo ndipo mashamba ya kulungu yakaenea, zaidi tangu miaka ya 1980. Mwaka 1988 huko South Carolina wakaunda shirika la kufundisha wenye mashamba kutunza kulungu wachache wenye afya, kuliko wengi wenye njaa.

Na kazi yao ni agronomia kamili, si mchezo. Wanapima udongo, wanatia chokaa ukiwa mchachu, kisha wanafuata majira. Wakati wa joto, majike wananyonyesha na pembe za madume zinaota, kwa hiyo wanahitaji protini: wanapandiwa soya na kunde. Kabla ya baridi wanapandiwa ngano, trefli na naveti, jamaa ya shu. Baridi kali ikipiga majani ya naveti, sukari inaongezeka ndani yake, na kulungu wanayafuata. Shamba likiwa dogo sana, wanamaliza kunde ikingali michanga.

Kumwaga rundo la mahindi chini ni jambo lingine, na majimbo mengi yanakataza. Wanyama wakikutanisha midomo mahali pamoja wanaambukizana. Kuna ugonjwa wa kukondesha kulungu hadi kufa, ulioonekana kwanza Colorado mwaka 1967, na mpaka leo hauna dawa.

Sasa ile kunde ilifikaje huko? Ni mmea wa Afrika. Ilivuka bahari pamoja na biashara ya watumwa, ikaota kusini mwa Marekani. Pamba ilipochosha udongo, George Washington Carver, aliyefika Tuskegee katika Alabama mwaka 1896, akawafundisha wakulima weusi kupanda kunde ili naitrojeni irudi ardhini. Mwaka 1902 watafiti wa serikali, Webber na Orton, wakaonyesha kwamba aina moja, inayoitwa Iron, inavumilia ugonjwa wa kunyausha na minyoo ya mizizi. Hiyo Iron, ikichanganywa na ndugu yake Clay, ndiyo mpaka leo wanawapandia kulungu.

Kumbe kile nilichoambiwa si kitu ya maana, wengine walikifanyia utafiti zaidi ya miaka mia iliyopita. Na leo wanakinunua kwa magunia, wampe mnyama wa pori!

Sisemi tuanze kulimia wanyama. Kwetu shamba halitoshi hata watu, na wenye kukaa kandokando ya hifadhi wanajua machungu ya kulima wanyama wakavuna. Ninachosema ni hiki: mwalimu alikosea, lakini mimi nilikosea zaidi, juu sikumuuliza sababu.

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani. Mama ana mbegu zake za kunde ndani ya chupa, amezichanganya na majivu ili wadudu wasiingie. Aina tatu; mimi, ingeniere wa familia, sijui hata jina moja la kisayansi la kuzitofautisha. Nimeomba kiganja kimoja cha kila aina. Nimepanda mistari sita nyuma ya nyumba, na daftari nimefungua, kama nilivyopaswa kufanya wakati ule.

Na ninyi, mama zenu wanaficha mbegu gani ndani ya chupa? Waulizeni wangali hai.