Kiwanja cha Mjini: Kinachouzwa ni Nini?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu Waislamu, wengi wetu hapa Singida, Manyoni na Kiomboi huuza ng'ombe au alizeti ili tupate kiwanja Dar es Salaam. Huko tunauliza bei tu. Lakini katika fiqhi lipo swali linalotangulia bei: muuzaji anauza kitu gani?

Ilipofunguliwa ardhi ya Sawad, Iraq, Sayyidna Umar (r.a.) hakuwagawia wapiganaji. Aliiacha kwa manufaa ya Waislamu wote. Wenyeji wakabaki kuilima na kulipa kharaj. Wanazuoni wakakhitilafiana: kwa Imam Abu Hanifa ni milki ya walioishika, nao waweza kuiuza, kwa Imam Malik na Imam Shafi'i ni waqfu, haiuzwi.

Kwetu nako, mwaka 1895 Wajerumani waliitangaza ardhi isiyo na mwenyewe kuwa ya dola yao. Mwaka 1923 Waingereza wakaiweka ardhi chini ya Gavana. Mwaka 1963 serikali huru ikazigeuza hati za milele kuwa za miaka 99. Na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Kwa hiyo kinachouzwa ni haki ya kuitumia ardhi kwa muda, pamoja na majengo yaliyomo.

Basi mnunuzi na aulize: Imebaki miaka mingapi katika hati? Kuna malimbikizo ya kodi ya ardhi? Yaruhusiwa kujengwa nini? Nani atalipa ushuru wa stempu na kodi ya ongezeko la mtaji? Mke wa muuzaji ameridhia? Kutoyajua haya ni gharar, na Mtume (s.a.w.) ameikataza. Kuyaficha ni ghushi.

Kikiwa cha mirathi, jambo ni zito zaidi. Mtume (s.a.w.) alipotaka kiwanja cha msikiti Madina, wenyewe walikuwa mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Walitaka kumpa bure. Akakataa mpaka akakinunua.

Maimamu, mnapoitwa kushuhudia mauziano, msitie saini kabla ya kuuliza warithi wako wapi. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imeamrisha maandishi na mashahidi ili haki ya mtu isipotee.

Wabillahi tawfiq.