Redio zilipochomwa, simu ikawa redio: mjumbe sasa ni nani?

Leo tunaandika historia kidogo. Swali letu ni moja: kama kila mwenye simu anaweza kutoa habari, mwandishi wa habari amebaki na kazi gani? Tutalijibu kwa kupitia Burundi, kwa sababu huko redio kubwa zilinyamazishwa ndani ya siku mbili tu, na watu wakalazimika kutafuta njia nyingine ya kujua kinachoendelea.

Tuanze nyuma kidogo. Kwa wazazi wetu wa Maziwa Makuu, habari ilikuwa ni redio. Gazeti linataka hela, na mara nyingi linataka ujue Kifaransa. Televisheni inataka umeme. Redio inataka betri tu, na mtaa mzima unasikiliza. Ndiyo maana aliyeshika maikrofoni alikuwa na nguvu kubwa. Alisimama katikati, huku wakubwa, huku wananchi, na yeye ndiye aliyeamua lipi lipite na lipi libaki.

Mtu huyo wa katikati anaweza kubomoa. Rwanda, redio ya RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993, na mwaka 1994 ikachochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari, na wawili kati yao walikuwa waanzilishi wa redio hiyo.

Lakini pia anaweza kujenga. Mwaka huohuo wa 1994, BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yaliyojulikana kama Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha familia. Watu waliopotezana njiani walitafutana kupitia redio. Mwaka 1995 Radio Kwizera ilianza Ngara, Tanzania, chini ya JRS, shirika la Wajesuiti linalohudumia wakimbizi. Na mwaka huo wa 1995, Bujumbura, ikaanza Studio Ijambo, ambapo waandishi Wahutu na Watutsi walifanya kazi pamoja wakati nchi iko vitani. Walikwenda kwenye tukio wakiwa wamechanganyika, ili kila upande uwe na mtu wa kuuliza na mtu wa kusahihisha.

Baadaye zikaja redio binafsi zilizopendwa sana: RPA mwaka 2001, Isanganiro mwaka 2002, pia Bonesha FM na Radio-Télé Renaissance. Mwananchi wa kawaida alizoea kumsikia mkubwa akiulizwa maswali mbele ya kila mtu.

Halafu ukaja mwaka 2015. Tarehe 25 Aprili, chama cha CNDD-FDD kilimteua Rais Pierre Nkurunziza kugombea tena. Kesho yake watu waliingia barabarani. Ndani ya siku chache RPA ilifungwa, na Facebook, Twitter na WhatsApp zikazuiwa kwenye simu. Vijana wakajifunza kutumia VPN. Tarehe 13 Mei, wakati Rais yuko Dar es Salaam kwenye mkutano wa viongozi wa Afrika Mashariki, Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza kwenye redio binafsi kwamba amempindua. Siku hiyo Rema FM, redio iliyokuwa upande wa serikali, ilivamiwa na kuharibiwa. Siku iliyofuata ikawa zamu ya RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance. Jaribio la mapinduzi likashindwa, na waandishi wengi wakakimbia nchi.

Wazee wetu husema mjumbe hauawi. Mwezi ule wajumbe wa pande zote mbili walichomewa nyumba zao.

Sasa angalieni kilichofuata, kwa sababu hapa ndipo mambo yalibadilika. Tarehe 13 Mei hiyohiyo, kikundi cha waandishi kilianzisha SOS Médias Burundi. Hawakuwa na mnara wala studio. Walitumia Facebook, Twitter na SoundCloud. Waandishi waliokimbilia Rwanda nao wakaanza Radio Inzamba: kipindi kinarekodiwa, kinawekwa kwenye intaneti, halafu kinapita WhatsApp, simu hadi simu, mpaka kinavuka mpaka na kurudi nyumbani. Mwenye simu janja anawawekea wenzake wenye kitochi, wote wanasikiliza. Gazeti la Iwacu, ambalo tovuti yake ilizuiwa ndani ya Burundi kuanzia Oktoba 2017, liliendelea kusomwa kwa njia za pembeni. Isanganiro na Rema ziliruhusiwa kurudi hewani Februari 2016, lakini Mei 2018 BBC na Sauti ya Amerika zikasimamishwa nchini humo. Kila mlango mmoja ulipofungwa, simu iliachiwa kazi zaidi.

Kwa hiyo tujifunze nini? La kwanza, uandishi wa habari haukuwa ule mnara. Mnara uliungua, kazi ikaendelea. La pili, msikilizaji aliacha kuwa msikilizaji tu. Yeye ndiye aliyeona risasi ikipigwa mtaani kwake, akapiga picha, akatuma. Bila yeye mwandishi aliye uhamishoni hana habari.

La tatu ndilo linalotugusa zaidi. Zamani habari ilipita kwa mwandishi kabla ya kutufikia. Siku hizi inatufikia sisi kwanza, na mara nyingi hakuna mtu yeyote katikati. Tukibonyeza kushea, sisi ndio tumekuwa yule mtu wa katikati. Nafasi yake haijafutwa, imehamia mikononi mwetu. Shida ni kwamba nafasi imehama bila ile kazi yake ya kuuliza, kupiga simu upande wa pili na kusubiri uhakika.

Na msidhani wanaonaswa ni watu wa vijijini tu. Januari 2016, televisheni ya Ufaransa, France 3, ilionyesha video ya ukatili ikisema ni ya Burundi. Baadaye ikajulikana kwamba haikupigwa Burundi kabisa, na stesheni ikaomba radhi. Kama chumba cha habari chenye wahariri kimeingizwa mjini na video ya mtandaoni, grupu letu la watu mia mbili litapona vipi? Hata WhatsApp wenyewe waliona hatari. Mwaka 2018 wakaanza kuweka alama kwenye ujumbe uliotumwa tena, na Januari 2019 wakaweka kikomo cha kutuma kwa watu au magrupu matano kwa mara moja. Ni breki, ila dereva bado ni sisi.

Kambini jambo hili si la kubishania kwenye kijiwe tu. Tangu Septemba 2017, kulipoanza safari za kupangwa za kurejea Burundi kwa hiari kutoka Tanzania, neno "malori" linaweza kuamsha zoni nzima usiku. Inaingia voisi ya dakika moja na nusu, sauti ya mtu asiyejulikana: kambi inafungwa, asiyejiandikisha wiki hii atapoteza haki yake. Mama mmoja anauza godoro na sufuria kwa bei ya kutupa. Baba mwingine anawatoa watoto shuleni. Mwingine anakimbilia porini. Voisi ikiwa ya uongo, godoro halirudi. Na ikiwa ya kweli tukaipuuza, pia tumeumia. Ndiyo maana hatuwezi kusema tu "achaneni na mitandao". Mtandao ndio redio yetu ya sasa.

Kuna methali isemayo lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwenye WhatsApp methali hii inatudanganya. Siku hizi lisemwalo linaweza kuwa halipo na wala haliji. Limetengenezwa tu na mtu mwenye bando.

Kwa hiyo tunaomba tuazime kwa wale waandishi wa Ijambo na SOS Médias kitu kimoja, ambacho hakihitaji diploma. Kabla ya kushea, tuulize: nani ameona kwa macho yake? Ni lini na wapi? Upande wa pili unasemaje? Kama majibu hayapo, tuandike wazi "haijathibitishwa", au tukae nayo kwanza. Na picha ya mtu aliyeumizwa, au jina la mtu aliyebaki nyumbani, visirushwe ovyo. Mwandishi anayejua kazi yake humficha shahidi wake. Sisi nasi tuna mashahidi wa kuwalinda, na wengine ni ndugu zetu wa damu.

Kwa ndugu wa mashirika, neno letu ni fupi. Uvumi hukua pale penye ukimya. Tangazo likibandikwa kwenye ubao siku nne baada ya kikao, tena kwa lugha ambayo bibi zetu hawaisomi, voisi ya uongo imeshafika zamani. Mkisema mapema, hata kama ni kusema "bado haijaamuliwa", mnatusaidia kuliko karatasi nzuri iliyochelewa. Na msiogope wakimbizi wanaoandika habari zao wenyewe. Kule Kakuma, Kenya, wakimbizi walianzisha gazeti lao la mtandaoni, KANERE, tangu mwishoni mwa 2008, kabla magrupu ya WhatsApp hayajawa kitu. Walionyesha kwamba mkimbizi anaweza kuwa mwandishi, si mtu wa kuandikwa tu.

Redio zilichomwa kwa sababu wenye nguvu walijua thamani ya mjumbe. Leo ujumbe uko mfukoni mwetu, na watu wanauza vitu, wanafunga safari au wanabaki kwa kutuamini sisi. Basi tuubebe kama mtu anayejua kwamba jirani yake ataamka asubuhi na kufanya uamuzi kwa neno lake.