Mtungi Si Kisima

Mwaka 1746, mjini Leiden, Uholanzi, Pieter van Musschenbroek alieleza jinsi chupa ya maji ilivyohifadhi umeme, hata ukamtikisa mwili mzima. Ewald von Kleist wa Pomerania alikwisha kuligundua jambo hilo mwaka 1745. Chupa hiyo ndiyo babu wa kapasita.

Nami nilimnunua mjukuu wake, wa faradi 1, kwa fedha za karo ya mwanangu. Matatu yangu ya Nairobi ilikuwa na amplifaya ya wati 1,000. Kila besi ilipopiga, taa zilififia. Fundi aliapa kwamba dawa ni hiyo. Taa hazikuacha kufifia.

Mwanangu, aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo, alinipigia hesabu. Volti zikishuka kutoka 14 hadi 12, kapasita hiyo hutoa juli 26 tu. Amplifaya huzimaliza kwa sehemu 3 katika 100 za sekunde moja.

“Baba,” akasema, “huu ni mtungi. Kisima ni alteneta.”

Tangu hapo, nikiahidiwa nguvu, kwanza huuliza zinatoka wapi.