Masista wa Réunion na Watoto wa Misheni Unguja

Ikitajwa historia ya Ukatoliki Unguja, majina yanayokuja kwanza ni ya mapadri. Anakumbukwa Armand Fava, aliyeshuka bandarini Zanzibar Desemba 1860 akitokea kisiwa cha Réunion, na anakumbukwa Antoine Horner wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyeipokea kazi hiyo mwaka 1863. Masista sita waliofika pamoja na Fava hupewa nusu sentensi. Lakini watoto waliookolewa utumwani, wagonjwa wasio na jamaa na wasichana waliohitaji malezi waliangukia mikononi mwao, na bila wao misheni ile isingekuwa na cha kuonyesha.

Masista hao walikuwa wa shirika la Mabinti wa Maria. Lilianzishwa Réunion Mei 1849, miezi mitano tu baada ya utumwa kufutwa kisiwani humo tarehe 20 Desemba 1848. Mwanzilishi wake, Aimée Pignolet de Fresnes, alizaliwa katika ukoo wa walowezi wa Kifaransa. Akishirikiana na Padri Frédéric Levavasseur, aliwakusanya chini ya paa moja na kanuni moja wanawake wa kizungu na wanawake waliokuwa wametoka utumwani jana na juzi. Katika kisiwa cha mashamba ya miwa, ambako rangi ya mtu ilikuwa ndiyo cheo chake, lilikuwa jambo zito. Shirika lenye asili hiyo ndilo lililotumwa kwenye mji uliokuwa na soko kubwa kuliko yote ya watumwa katika pwani ya Afrika Mashariki.

Katika Mji Mkongwe Fava alifungua hospitali, shule na karakana, akiwa na ruhusa ya Sultani Majid. Waingereza hawakufurahi. Balozi wao, Rigby, alilishuku jumba la misheni kuwa kambi ya jeshi la Ufaransa iliyojificha nyuma ya msalaba. Shaka hiyo ilikuwa na chanzo chake, maana kwa miaka mingi Wafaransa wa Réunion walichukua watu kutoka pwani hii kwa jina la vibarua wa mkataba, utumwa ukiwa umebadilishwa vazi tu.

Watoto walifika kwa njia mbili. Wengine misheni iliwanunua sokoni ili kuwakomboa, na wengine walikabidhiwa baada ya manowari za Kiingereza kuyakamata majahazi yaliyowabeba. Walikuwa wametoka mbali bara, wengi wakiwa wadogo mno kuweza kueleza njia ya kurudi kwao. Misheni ilichukulia kwamba jamaa zao wamekwisha kupotea, ikajipa kazi ya kuwaundia jamaa wapya. Mtoto alibatizwa, akapewa jina la mtakatifu, akafundishwa sala na Kiswahili. Wavulana waliingia karakana kujifunza uhunzi na useremala, wakishika nyundo na tupa na kuvuta mivukuto. Wasichana walibaki kwa masista wakifundishwa kushona, kupika na kutunza wagonjwa. Wakikua, waliozwa wao kwa wao.

Mpango huo ulihitaji ardhi, na ardhi nzuri ya Unguja ilikuwa mikononi mwa wenye mashamba ya karafuu. Ndiyo sababu mwaka 1868 Horner alivuka kwenda Bagamoyo, akaanzisha makazi ambako vijana waliofunga ndoa walipewa kibanda na kipande cha shamba. Mji Mkongwe ukabaki kuwa lango: watoto walipokelewa hapo, kisha wengi wakavushwa. Kimbunga cha Aprili 1872, kilichoing'oa mikarafuu ya Unguja, kiliyavunja pia majengo ya Bagamoyo, kazi ikabidi ianzwe upya. Mwaka uliofuata Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, alikuja kumshinikiza Sultani Barghash, mrithi wa Majid, afunge soko la watumwa, na mkataba ukatiwa saini tarehe 5 Juni 1873. Frere, Mwingereza na tena si Mkatoliki, aliitembelea misheni ya Wafaransa na kuisifu kuwa mfano wa kuigwa.

Sifa hizo zinastahili, lakini hazitoshi. Mwanahistoria Paul Kollman, katika kitabu chake cha mwaka 2005, ameonyesha jinsi maisha ya watoto hao yalivyobanwa kwa ratiba, kazi na nidhamu, na jinsi baadhi yao walivyotoroka. Aliyekombolewa hakuwa huru kwenda atakako. Naamini masista na mapadri waliwapenda watoto wale, wengi wao wakafa mapema kwa homa wakiwahudumia. Naamini pia kwamba mtoto aliyekuwa na mama mahali fulani ng'ambo ya Ziwa Nyasa alistahili walau mtu wa kumuuliza jina la mama huyo. Hayo mawili hayafutani.

Biashara ya watumwa ilipokwisha, na hadhi ya kisheria ya utumwa kufutwa Zanzibar mwaka 1897, chemchemi ya watoto ilikauka. Wakati huo Kanisa la Mtakatifu Yosefu katika Mji Mkongwe lilikuwa likijengwa. Misa ya kwanza ilisomwa humo Krismasi ya 1898. Huduma nayo ikageuka. Masista wa Damu Takatifu, waliofuata baadaye, walisomesha watoto wa mjini, Wagoa wakiwa wengi, katika shule ya konventi. Nje ya mji, huko Welezo, walitunza wakoma, maskini na wazee wasio na wa kuwaangalia. Humo hakuulizwa mtu dini yake, na katika kisiwa ambacho karibu watu wote ni Waislamu, ambako malezi ya yatima ni wajibu wa ukoo na wa imani, kazi ya Welezo iliheshimiwa kuliko mahubiri yoyote.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilizichukua shule zote za binafsi. Konventi ya Mtakatifu Yosefu ikawa shule ya Tumekuja. Welezo pia pakawa makao ya serikali, lakini masista waliendelea kuwaosha, kuwalisha na kuwauguza wazee wa humo, na hata Jimbo Katoliki la Zanzibar lilipoundwa mwaka 1980, kazi hiyo ilikuwa ingali mikononi mwa wanawake ambao majina yao hayajaandikwa kwenye ukuta wowote wa Mji Mkongwe.