Namba Iliyoandikwa Kwenye Boksi

Wanafunzi wangu huniuliza swali linaloonekana la kiufundi, ilhali mizizi yake imo katika historia: inakuwaje kompyuta mpakato iliyoandikwa gigahezi 1.6 ikutwe ikienda kwa gigahezi 3.4? Mimi huwajibu kwamba namba ile ni mkataba kati ya muuzaji na mnunuzi, na masharti ya mkataba huo yamebadilika mara kadhaa bila mnunuzi kuarifiwa.

Mwaka 1981 IBM ilipoingiza sokoni kompyuta yake binafsi, prosesa ya Intel 8088 iliyokuwamo ilikwenda kwa megahezi 4.77, iwe na kazi nzito au nyepesi. Kasi ilikuwa moja, na namba ilimaanisha kile ilichosema.

Kisha yakaja mashindano. Machi 2000 kampuni za AMD na Intel zilifikia gigahezi 1 zikipishana kwa siku chache tu, na mnunuzi akafundishwa kuamini kwamba namba kubwa ndiyo kompyuta bora. Mbio hizo zilitegemea kanuni iliyoelezwa mwaka 1974 na Robert Dennard wa IBM pamoja na wenzake: transista zikipunguzwa ukubwa, na volti ikapunguzwa kwa kiasi hicho hicho, basi transista nyingi zaidi hukaa katika eneo lile lile bila joto kuzidi.

Kwa takriban miaka thelathini kanuni hiyo ilitii. Mwanzoni mwa karne hii ikagoma. Volti haikuweza kushushwa zaidi bila umeme kuvuja hata katika transista zilizozimwa, na joto likawa mfalme. Mwaka 2004 Intel ilifuta mpango wa kutoa Pentium 4 ya gigahezi 4. Prosesa hiyo ikaishia 3.8.

Wahandisi wakageukia mgawanyo wa kazi: badala ya kiini kimoja chenye mbio, viini viwili, kisha vinne, ndani ya prosesa moja. Hapo ndipo lilipozaliwa jambo linalowashangaza wanafunzi wangu. Viini vyote vikifanya kazi kwa pamoja, sharti kila kimoja kipunguze mwendo ili joto lisivuke mpaka. Lakini programu nyingi hutumia kiini kimoja tu, na vingine hulala. Mgao wa umeme wa waliolala hupewa aliye macho, naye hukimbia. Intel iliiita mbinu hiyo Turbo Boost, ikaileta na prosesa za Core i7 mwaka 2008. Mwaka uliofuata ikaingia katika kompyuta mpakato: Core i7-720QM ilikuwa na kasi ya msingi ya gigahezi 1.6, na kiini kimoja kiliweza kufika 2.8.

Muda nao una nafasi yake. Joto huchukua sekunde kadhaa kupanda. Kwa hiyo prosesa yaweza kukimbia kwa muda mfupi kupita kiwango chake cha kudumu, kisha ikarudi nyuma. Namba ndogo ni ahadi, namba kubwa ni ruhusa yenye masharti.

Kwa nini nayaandika haya katika ukurasa unaojadili jamii na utawala? Kwa sababu fedha za umma hununua kompyuta kwa namba hizi. Afisa anayeandika katika zabuni “prosesa isiyopungua gigahezi 3” hajasema kama anataka kasi ya msingi au ya juu, kwa kiini kimoja au vyote, kwa sekunde ishirini au kwa siku nzima ya kazi. Prosesa ile ile ikiwekwa katika kompyuta nyembamba isiyo na feni itachoka mapema. Ikiwekwa katika iliyopozwa vizuri itadumu na mwendo wake. Sharti la haki ni kuijaribu mashine kwa kazi halisi ya ofisi, kwa saa nzima, katika joto la chumba itakamotumika, kabla ya kutia saini.