Dawa Inayochoma na Kazi ya Ngozi

Dawa ya kidonda isiyochoma, wengi husema, si dawa. Imani hiyo ni ya kale, lakini sayansi iliitia muhuri huko Glasgow, Agosti 1865, pale daktari Joseph Lister alipomfunga mtoto wa miaka 11, James Greenlees, kitambaa kilicholoweshwa asidi ya kaboliki. Mguu wa mtoto huyo ulikuwa umekanyagwa na mkokoteni, mfupa ukavunjika na ngozi ikapasuka. Zama zile jeraha la namna hiyo lilimfikisha mtu kwenye msumeno wa daktari au kaburini; Greenlees alipona baada ya majuma kama sita. Katika taarifa yake ya 1867 Lister alitaja pia jambo ambalo wafuasi wake hawakulitilia maanani: asidi ile iliichubua ngozi iliyozunguka jeraha, ikabidi aizimue. Nadhani hapo ndipo palipoanzia kosa la muda mrefu. Chupa ya dawa ilishinda kwa kishindo, na kwa zaidi ya karne moja tiba ikaichukulia ngozi kuwa ukuta tu: ukiwa mzima unazuia, ukibomoka hauna msaada.

Si kwamba ushahidi wa kinyume ulikosekana. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Alexander Fleming alikuwa Boulogne, Ufaransa, akichunguza majeraha ya wanajeshi. Alichukua neli ya kioo, akaichoma motoni na kuivuta ncha nyembamba pande zote ili ifanane na jeraha la bomu lenye mifuko mifuko, kisha akaijaza majimaji yenye bakteria. Aliyamwaga, akatia dawa kali ya kuua vijidudu, akaiosha neli na kuijaza majimaji safi. Bakteria walirudi, kwa kuwa dawa haikufika kwenye zile ncha. Isitoshe, dawa hizo ziliziua chembe nyeupe za damu kwa urahisi kuliko zilivyowaua bakteria. Mwaka 1922 Fleming huyohuyo alieleza habari za lisozaimu, kimeng'enya cha machozi na kamasi kinachoyeyusha baadhi ya bakteria. Mwili ulikuwa na dawa yake! Lakini penisilini, aliyoigundua 1928, ilipoingia hospitalini miaka ya 1940, macho yote yakarudi kwenye chupa.

Aliyeyageuza tena macho hayo alisaidiwa na chura wa kusini mwa Afrika, yule aliyesambazwa maabara nyingi duniani kwa ajili ya kupima mimba. Huko Marekani, Michael Zasloff alikuwa akiwapasua vyura hao kuwatoa mayai, akiwashona na kuwarudisha kwenye maji machafu, na vidonda vyao vikipona bila usaha. Mwaka 1987 alitangaza kwamba ngozi yao hutoa peptidi, yaani vipande vidogo vya protini, zinazoua bakteria. Miaka 10 baadaye watafiti wa Kiel, Ujerumani, waliyachunguza magamba yanayopukutika kwa wagonjwa wa soriasisi, maradhi ya ngozi, wakapata peptidi ya jamii hiyo: difensini ya chembe za ngozi ya binadamu. Chembe hizo zikigusana na bakteria huzitambua dalili zao, huizalisha difensini kwa wingi na kutoa kemikali za kuita chembe nyeupe. Difensini ina chaji chanya; hujishikiza kwenye utando wa bakteria wenye chaji hasi na kuutoboa.

Mtu anaweza kupinga kwamba wagonjwa wa Lister walipona kwa kaboliki, si kwa difensini. Ni kweli, na sioni sababu ya kumpunguzia sifa. Mfupa uliotoka nje ukagaagaa kwenye uchafu wa barabarani hupokea bakteria wengi kupita uwezo wa ngozi yoyote. Lakini mchubuko wa goti si jeraha la Greenlees, na desturi haikutofautisha. Pingamizi la pili ni zito zaidi: kama silaha hizi ni kali hivyo, mbona hazijawa dawa? Mafuta ya kupaka yaliyotokana na peptidi ya chura yalijaribiwa kwenye vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari, na mwaka 1999 Marekani ikakataa kuyaidhinisha. Hata hivyo, jaribio hilo liliitoa peptidi moja mahali pake na kuitia kwenye tyubu, wakati ngozi hutumia nyingi kwa pamoja, juu ya uso wenye asidi kidogo unaopukutisha chembe zake kila siku. Ushahidi ulio bora uko kwa wagonjwa wenyewe. Ngozi ya soriasisi, ijapokuwa imepasukapasuka, imejaa difensini na huambukizwa kwa nadra. Ya pumu ya ngozi, yenye upungufu wa peptidi hizo, hushambuliwa mara kwa mara na bakteria aina ya stafilokokasi, na zote mbili zina nyufa.